Tulivyotembea Hadi Kamere, na Neno Moja Likatutangulia Nyumbani

Wewe ni mtu wangu, kwa hivyo sitakupa ile hadithi fupi ninayowapa watu kanisani tukitoka ibada. Umeniuliza mara nyingi nini kilitupata huko Eburru, na kila mara nimekuambia nitakueleza nikipumzika. Hilo neno la kupumzika siku hizi kabla sijalisema naangalia kwanza ni nani ananisikia. Utajua kwa nini. Sasa kaa chini. Mimi bado nimechoka, miguu inaniuma mpaka kwa nyonga, lakini nikiacha hii maneno ikae zaidi itaanza kupotea, na sitaki ipotee.

Unatujua sisi wamama wa maombi. Kanisa letu lilikuwa linafungua tawi Kamere, kando ya ziwa la Naivasha, kwa wale watu wa samaki na wa mashamba ya maua, na tukaamua tutaenda kwa miguu kutoka Nakuru tukiombea watoto wetu njiani. Tulikuwa sita. Mama Jerop unamjua, kibanda chake cha sukuma kimekaribiana na changu cha nyanya, tumekaa hivyo tangu Jerop akiwa wa kubebwa mgongoni. Mama Otis naye sihitaji kukueleza, huyo hata akiwa usingizini anaongea. Wale wengine watatu ni wapole, hawatakasirika nikiwaacha bila majina.

Shemasi Elijah alibaki nyumbani, lakini ndiye alikuwa sikio letu. Binti yangu Mercy anafanya kazi na watu wa kupeleka watalii milimani, na alituazima kale kadude ka setilaiti wanakotembea nako. Kadogo, kama kipande cha sabuni. Ukifika mahali hakuna netiwaki, unakaunganisha na simu yako kwa blututhi, unaandika meseji kwa simu, halafu kadude kanairusha juu, inashukia kwa simu ya mtu nyumbani kama meseji nyingine yoyote. Akijibu, inarudi njia ile ile. Lazima kaone mbingu. Miti ikikafunika, meseji inakaa tu hapo ikingoja.

Mama Otis akasema basi hiyo ni kama maombi. Mercy akamwambia, "Hapana auntie, maombi haitaki chaji."

Upande mmoja kalikuwa na kitufe kimeandikwa SOS, na Mercy alikuwa amekibandikia plasta tusikiguse kwa bahati mbaya. Hicho kinaita watu wa ng'ambo ambao kazi yao ni kutafuta waliokwama. Mama Otis akauliza kama ni ya sosi ya chipsi. Tulicheka sana siku hiyo. Tulikuwa na nguvu.

Nakuru hadi Elementaita

Tulitoka asubuhi na tisheti za rangi moja ambazo kanisa lilitushonea jina. Hizo tisheti zilitusumbua kuliko jua. Kila mahali tulipita, watu walifikiri ni kampeni, na kampeni huku kwetu inakuja na kitu mkononi. Tukifika Mbaruk nikageuka kuangalia kama wenzangu wako nyuma, nikapata watu wengine wametufuata, wamama na mifuko yao mitupu imekunjwa kwapani. Nikawaambia sisi tunaomba tu. Mmoja akanijibu kwa upole, "Sawa mathe, ombeni. Sisi tutangoja mmalize mgawe."

Ilichukua muda kuwaelewesha. Mwishowe tulikaa nao chini kando ya barabara, tukagawa chapati ambazo zilikuwa za siku mbili, na yule mama wa mfuko akaombea safari yetu maombi marefu kuliko yetu sisi wenyewe. Tukaendelea tumbo zikiwa nyepesi.

Kufika Elementaita nilikuwa na malengelenge kwa visigino. Mzee mmoja alikataa tulale kwa boma yake, akasema wanasiasa wamemdanganya mara nyingi na hata wakijivika uso wa mama atawajua. Tulilala kwa darasa la shule, juu ya madawati yaliyounganishwa, baada ya kula mahindi ya kuchemsha bila chumvi. Hiyo nayo nilimshukuru Mungu. Mgongo haukushukuru.

Kupanda Eburru

Ule mlima ukiuona kutoka barabara kubwa ni kama kitu cha kupanda ukiimba. Tuliimba mpaka nyumba za mwisho, halafu tukanyamaza wote, hata Mama Otis. Ni kupanda tu, vumbi, na mwisho ukidhani umefika unaona kumbe ni bega, kichwa bado.

Huko juu moshi unatoka kwa ardhi. Si moto, ni mvuke. Watu wameweka mapipa na mapaipu juu ya yale mashimo, mvuke unapoa ndani na unatoka maji, na hayo ndiyo wanakunywa. Mama mmoja kijana alitukaribisha kwake, akatupatia githeri ya viazi na jagi ya hayo maji. Tukiwa kule barabarani tulikuwa tumeuliza maji yanapatikana wapi na tukajibiwa, "Juu huko kwa moshi," tukafikiri tunachekwa. Mama Otis aliangalia lile jagi kwa muda mrefu. Akauliza kama hayo maji yanatoka jehanamu. Yule mama akamwambia, "Kama ni huko, wako na maji safi kuliko Nakuru." Aliyanywa.

Ni hapo Eburru tulifanya makosa ya chaji. Tulikuwa na pawabenki moja, na kila mmoja akachomeka simu yake kidogo kidogo, mara nyimbo, mara picha ya ule mvuke. Kufika asubuhi pawabenki ilikuwa kavu. Simu yangu, ile iliyounganishwa na kadude, ilikuwa imefika karibu nusu, nikasema itatosha.

Ndani ya msitu

Mzee Sironka alitupokea asubuhi kutuvusha msitu. Ni mwenyeji wa huko, mtu wa maneno machache, na fimbo ndefu. Alituambia mambo mawili tu: tusiimbe, na tusimpite mbele.

Tulipoteza muda mwingi kwa nyati. Hatukuziona vizuri, tulisikia tu matawi yakivunjika mbele yetu, na Sironka akatuinulia mkono. Tukakaa chini kwa unyevu. Tukakaa. Mwenzetu mmoja akalala akiwa ameketi. Niliomba mpaka nikaishiwa na watu wa kuombea, nikaanza kuombea hizo nyati zipate majani mazuri mahali pengine.

Zilipotoka, tulitembea haraka haraka kufidia, na huko ndiko kuchoka kwa kweli kulituingia. Miti iliisha polepole, tukaanza kushuka upande mkavu, wa vichaka vya leleshwa na mawe, kuelekea Ndabibi. Jua lilikuwa limesimama juu kabisa. Mama Jerop akasema kiatu chake kina jiwe. Akaegemea mwamba pembeni ya njia, akavua, akaweka mguu mtupu chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wamama, kuna kitu kimenidunga," na sauti yake ilikuwa ya kushangaa.

Alikuwa bafe, yule nyoka mnene mvivu ambaye hatoki njiani. Alijivuta akaingia kwa nyasi kama mtu asiye na haraka.

Sironka alitoa wembe na kile kijiwe cheusi chao cha kunyonya sumu, akapiga goti. Mimi nikamzuia mkono. Mercy alikuwa ametufundisha: usikate, usifunge kamba, usinyonye, mtu asitembee, apumzike, atafutiwe hospitali haraka. Sironka aliniangalia, nikafikiri atanigombeza. Alirudisha wembe wake mfukoni, akasema, "Basi gari ifike leo. Hiyo ni sumu ya kuoza nyama. Kesho ni mbali."

Tulimbeba hadi chini ya mgunga mkubwa kando ya mto mkavu, tukamlaza. Mguu ulikuwa umeanza kujaa, unang'aa. Nikamtoa pete ya kidole cha mguu, ile yake ya shaba, kabla haijamkaba. Mahali gari inaweza kufika palikuwa karibu, Sironka alisema, barabara ya kuni inakuja mpaka ng'ambo ya huo mto. Ilibaki gari yenyewe.

Pale kwa mgunga

Chini ya ule mti kadude hakakuona mbingu. Nilipanda juu ya miamba, mahali wazi, nikaandika kwa simu: Mama Jerop ameumwa na nyoka mguuni. Leteni gari barabara ya kuni kutoka Ndabibi, haraka. Nikakashika juu kama mtu anayetoa sadaka. Kalikaa, kalikaa, halafu kakatoa mlio mdogo. Imeenda. Na jibu likaja, Shemasi Elijah amepata mtu wa pikapu Ndabibi, anatoka sasa, Mungu ni mwema.

Nilishuka nikawaambia. Mama Jerop alikuwa anatapika lakini ametulia, kichwa kwa mapaja ya Mama Otis. Nikaona vizuri nimjulishe shemasi kwamba tumefuata ile ya Mercy, kwamba hatembei tena, na gari ituangalie wapi. Nikapanda tena. Mapafu yalikuwa yanawaka. Nikaandika: Mama Jerop amepumzika. Tuko chini ya mti mkubwa kando ya mto mkavu. Tunangoja gari.

Wewe unayesoma umeshaona. Mimi sikuona. Mimi nilikuwa namwona Mama Jerop kwa macho yangu, amelala kwa kivuli, anapumua. Ningeona nini kingine?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema: Poleni sana. Tumepokea kwa uchungu. Tunaanza mipango.

Nilikaa juu ya mwamba. Sisi tunajua mipango inayofuata poleni ni ya mazishi. Nikafikiri basi ni Baba Jerop. Ana presha, na shemasi ni lazima alimwambia mkewe ameumwa na nyoka, na ameanguka. Nilimlilia Baba Jerop hapo juu, peke yangu, halafu nikajipangusa na leso nikashuka, nikiwa nimeamua mke wake hatajua mpaka atibiwe.

Mama Otis akanisoma uso. Tukasogea kando.

"Nani amekufa?"

"Shemasi hajataja. Ameandika poleni."

"Poleni ya nini sasa, na gari iko wapi?"

"Ameandika wanaanza mipango."

Mama Jerop akafungua macho pale chini. "Nyinyi mnanong'ona nini? Ni mguu umeumwa. Masikio ni mazima."

Nikapanda mara ya tatu. Hapo nilitumia mikono kama mtoto anayetambaa. Meseji ilikuwa inaningoja: Mwili usisogezwe. Mfunikeni na leso. Dereva amekataa kubeba bila barua, ameenda kwanza polisi.

Niliisoma mara nyingi. Mwili. Barua. Leso. Halafu nikarudi nyuma kwa simu nikasoma ile meseji yangu mwenyewe, nikalisoma lile neno kama mtu aliyeketi kwa benchi ya kanisa, kama linavyosomwa kila Jumapili kwa matangazo: mpendwa wetu amepumzika. Mimi nimemuua rafiki yangu kwa meseji, na ile gari ya kumwokoa nimeigeuza njiani.

Nikaanza kuandika haraka. Sijui niliandika nini, vidole vilikuwa vinakosa, na kabla nibonyeze, simu ikazima. Nyeusi. Nikaitingisha, kana kwamba chaji ni kitu kinachojificha.

Kadude kenyewe bado kalikuwa na chaji, na Mercy alikuwa amenionyesha kwamba kanaweza kuandika bila simu. Lakini hakana vitufe vya herufi. Kana vitufe vya juu na chini, unapita A, B, C, unatafuta moja, unaichagua, unaanza tena. Sikutaka maneno mengi. Nikaandika YUKO HAI. Jasho linaniingia machoni, nikivuka herufi nairudia. Nikatuma, nikangoja.

Jibu: Amina. Yuko hai milele. Msife moyo.

Rafiki yangu, nilicheka. Si kicheko kizuri. Ni sisi wenyewe tumefundishana kuongea hivyo. Kama mtu amekufa tunasema yuko hai, kama amezikwa tunasema amelala, na tunaelewana kila siku, isipokuwa hiyo moja.

Nilibandua ile plasta, nikabonyeza SOS. Kadude kakaandika kwa Kiingereza kwamba wamepokea, nisubiri. Nikamwambia Mungu sina meseji nyingine, akinipa neno nitalituma, lakini liwe ni neno ambalo hata shemasi hawezi kuhubiri nalo. Halafu nikapaaza sauti chini, nikaambia Mama Otis amuulize Mama Jerop aseme kitu, kitu chochote, chake mwenyewe.

Nikaona Mama Otis anainama, anasikiliza. Akaniitia: "Anasema anataka chai! Na isiwe ya rangi!"

Nikaandika ANATAKA CHAI. Herufi kwa herufi. Nikatuma hiyo peke yake, bila amina.

Kule Nakuru, wakati huo

Hii sehemu niliambiwa baadaye na mke wa shemasi, ambaye ni mkweli.

Walikuwa wametoa viti kwa nyumba ya Mama Jerop, nyimbo zimeanza, na majirani wamekuja na sufuria. Baba Jerop alikuwa ameketi kwa ngazi. Katikati ya wimbo simu ya shemasi ikalia, namba ndefu ya ng'ambo. Ni wale wa SOS, Mercy alikuwa amewaandikisha namba yake. Wakamuuliza kwa Kiingereza hali ya mgonjwa ni gani. Shemasi akajikaza, akawatafsiria neno kwa neno, kwamba dada yetu anapumzika. Wakasema ni vizuri sana, aendelee kupumzika, asisogezwe, wanatafuta msaada wa Kenya. Shemasi akashusha simu akiwa amefadhaika. Akawaambia waombolezaji kwamba watu wa huko nje hawana ubinadamu hata kidogo.

Ndipo ile yangu ikaingia. Akaisoma kwa sauti, kwa sababu alikuwa anasoma zote kwa sauti, na ile sauti ya matanga: "Anataka chai."

Wengine wakaanza kusema amina.

Mke wake akasimama. "Elijah," akasema, "ni marehemu gani anaitisha chai?"

Alimnyang'anya simu, akampigia dereva. Anasema maneno aliyomwambia yule dereva hayawezi kurudiwa na mke wa shemasi.

Kushuka Ndabibi hadi Naivasha

Jua lilikuwa limeinama tulipoisikia pikapu. Mguu wa Mama Jerop ulikuwa mweusi hadi karibu na goti, na alikuwa ameacha kutujibu vizuri. Dereva alishuka na polisi mmoja, na polisi amebeba nailoni imekunjwa.

"Mathe, poleni," dereva akasema. "Niliambiwa ni maiti, halafu nikaambiwa si maiti. Mimi sibebi maiti bila barua. Sasa hii ni gani?"

Mama Jerop akageuza kichwa. "Hiyo nailoni ni ya nani?" akauliza.

Polisi akaificha nyuma yake.

Tulimlaza nyuma juu ya magodoro ya majani na leso zetu zote. Mimi na Mama Otis tukapanda naye, wale wengine wakabaki na Sironka waendelee kwa miguu. Dereva aliendesha polepole kwa mashimo na haraka kwa tambarare, na kila tulipopata netiwaki simu yake ililia, watu wakiuliza mwili unafika saa ngapi. Aliacha kushika.

Hospitalini Naivasha walimpatia kitanda mara moja. Daktari alikuwa msichana wa umri wa Mercy. Alimtoa damu, akapima, akadunga dawa ya sumu, na alipotoka nje akaniuliza ni nani alizuia mguu usikatwe wala kufungwa. Nikasema ni mimi. Akauliza sasa kwa nini tulichelewa hivyo. Nilianza kumweleza, nikaona siwezi. Nikasema gari ilichelewa.

Akasema mguu utabaki. Kwa vidole viwili hakutoa ahadi.

Kamere

Nilifika Kamere siku chache baadaye, kwa gari, kuchukua mizigo. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu, na mimi niliingia mwisho wake nikiwa nimelala kwa dirisha mdomo wazi. Kanisa lilikuwa limefunguliwa bila sisi; wale wenzetu watatu walikuwa wameacha mizigo mlangoni wakakimbilia hospitali. Ni la mabati mapya, linanuka rangi. Walinipa samaki mkubwa na ugali, nikala nikiwa peke yangu kwa benchi, nikasikia kiongozi wao akiwaambia watu kwa huzuni kwamba huyu ni mmoja wa wale waliompoteza mwenzao msituni.

Nikaweka ugali chini. Nikaeleza. Niliona nyuso zikifurahi, lakini mama mmoja wa mashamba ya maua aliniambia taratibu kwamba yeye alishawapigia watu wa kwao Molo, na hao wamepigia wengine.

Nakuru, halafu Kabarnet

Vidole viwili vilienda. Mama Jerop alitoka hospitali kwa magongo, akafika kwake, na Baba Jerop akamsaidia kushuka garini, akamshika kiuno mpaka ndani, akafunga mlango. Sisi tulibaki nje na mizigo. Hakuna aliyebisha.

Lakini kulikuwa na mama yake. Anakaa juu ya Kabarnet, mzee sana, na habari ya kwanza ilimfikia siku ile ile kupitia mpwa. Ya pili alipopigiwa, aliikataa. Mama Jerop mwenyewe alimpigia kutoka hospitali, akaongea naye kwa Kitugen, na yule mzee akasema siku hizi simu zinaweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na watu wa Nakuru waache kumchezea na mtoto wake. Alikuwa hali chakula vizuri. Kwa hivyo hata kabla kidonda hakijakauka, Mama Jerop akasema twende.

Nilienda naye. Sikuwa na nguvu, lakini ningekaa Nakuru nifanye nini? Tulipita Mogotio, Marigat, joto likatupiga, halafu tukapanda zile kona. Njia yote alishika mguu wake kwa mikono miwili usigonge. Akaniambia, "Wewe usiogope, hatakupiga. Labda ateme."

Yule mzee alikuwa amekaa nje kwa ngozi. Alituangalia tukija kutoka mbali, hakusimama. Mama Jerop akafika, akaweka magongo chini, akajishusha mpaka akakaa mbele yake. Mzee akanyosha mkono, akashika sikio lake. Akalivuta, kwa nguvu kabisa. Akashika pua. Akashuka mpaka kwa mguu, akapapasa bandeji, akahesabu vidole vilivyobaki kwa kidole chake. Halafu akauliza kitu, na Mama Jerop akaangalia mahali nilikuwa nimesimama.

"Anauliza ni nani aliandika nimekufa."

Nikapiga magoti kando yake. Nikasema ni mimi. Mama Jerop akatafsiri.

"Anauliza uliandika vipi."

Nikasema niliandika amepumzika. Mama Jerop alifikiria kidogo, akatafuta neno la Kitugen, akalisema.

Mzee alikunja uso, akaniangalia mimi, akamwangalia binti yake. Akaongea kwa muda, na mkono umesimama hewani.

"Anasema, mtu akiumwa na nyoka si anapumzika? Anauliza hapo kifo kiko wapi."

Yule mzee alishika mkono wa binti yake hapo hapo, na hakuuachilia tena. Maziwa yalipoletwa alikunywa kwa mkono wa kushoto. Ugali alimega kwa kushoto. Tulikaa mpaka jua likaenda upande wa pili wa bonde, na ilipofika wakati wa kutoka, Mama Jerop aliniambia mimi nirudi peke yangu.

Sasa nakuomba hivi. Habari ya kwanza ilikimbia mbali kuliko hii ya pili, na bado haijashikwa. Juzi mtu wa Salgaa alinipigia kuuliza mazishi yalifanywa wapi, akataka kujua ni nani anaangalia kibanda. Kwa hivyo usikae na hii kwako. Mpatie dada yako, mtumie yule shangazi wa Molo, somea wamama wa kwenu kwa mkutano wenu, na ukisikia mtu yeyote anamtaja marehemu Mama Jerop, mkatize papo hapo hata kama anaomba. Mwambie yuko kwa mama yake Kabarnet. Mwambie ana vidole vinane vya miguu, na kwamba akitaka anaweza kupanda huko ahesabu mwenyewe.